Mashini inazimika yenyewe: nani anaizima?



Wengi kati yenu mnajua habari ya mashini ya sekretariati, ile ordinatere ya kubeba inayopigiwa gazeti hili. Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo ilikuwa inazimika gafula. Si kuzimika kwa kawaida, hapana. Mtu anaandika, skrini inakuwa nyeusi, ventilatere inanyamaza, basi. Unabonyeza kifungo, inawaka tena kama vile hakuna kitu kilichopita, lakini kazi yako haiko tena. Mama sekretere alipiga pointi za darasa la nne mara mbili. Mara ya tatu akachukua kalamu na kuziandika kwa mkono. Na sisi tulipoteza kurasa sita za gazeti mu siku moja.

Katika mambo kama haya watu wanatafuta mkosaji mbele ya kutafuta sababu. Sisi makapita tulifanya vile, na tunataka kusema wazi kwa sababu majina yetu yako chini ya ile karatasi. Kulikuwa mwanafunzi moja wa darasa la tatu anayetusaidia kupiga gazeti. Ikaonekana kwamba mashini inazimika zaidi akiwa yeye mbele ya klavie. Mwingine akiandika, inaweza kumaliza siku mbili bila shida. Yeye akikaa, nusu saa haipiti. Watu wakasema anaingiza virusi na ufunguo wake wa USB, ao anabonyeza kifungo kwa mchezo. Tukamwandika mu kaye ya nidhamu, akakatazwa kuingia sekretariati muda wa majuma matatu.

Wengine walishitaki Linux. Walisema: «Hii sistemu ya bure haina nguvu, muweke ile ingine.» Kwa wasioijua, Linux ilianzishwa mu mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki kule Finland, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 21. Yetu ni ya namna inayoitwa Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mu mwaka 2004. Jina hilo ni la lugha za kusini mwa Afrika, lakini hata wenzetu wanaosema Kinyarwanda ao Kirundi wanalielewa bila mwalimu. Kwa Kiswahili tungesema utu. Sistemu inaweza kuwa na makosa, ndiyo. Lakini iko na tabia moja nzuri: inaandika karibu kila kitu inachofanya, na mtu yeyote aliye na ruhusa anaweza kusoma. Tulichelewa tu kusoma.

Jambo la kwanza tulipaswa kuuliza ni hili: mashini ilipozimika, iliaga ao haikuaga? Kuna namna mbili za kuzimika. Ya kwanza, sistemu yenyewe inaamua kufunga: inafunga programu, inaandika disiki, kisha inakata umeme. Ya pili, umeme unakatika na sistemu haijui kitu, kama vile mtu aliyepigwa fimbo kichwani kwa nyuma. Kwa macho zinaweza kufanana, zaidi kama mtu alikuwa ameinama juu ya klavie. Lakini mu kitabu cha mashini hazifanani hata kidogo.

Kitabu hicho kinaitwa jurnali. Unafungua teminali na kuandika:

journalctl --list-boots

Hapo unaona kila mara mashini ilipowashwa, na saa ya mwisho iliyoandikwa kila mara. Kisha kusoma mwisho wa mara iliyotangulia:

sudo journalctl -b -1 -e

Ile -1 maana yake ni mara iliyopita. Ukitaka ya mbele yake unaweka -2, na kuendelea. Kama mashini ilifunga kwa utaratibu, utaona mistari mingi ya kufunga hiki na kile, na kwa kawaida mwishoni kabisa «Journal stopped». Kama umeme ulikatika, jurnali inakoma katikati ya maisha: kwa mfano mstari wa mwisho ni habari ya karatasi mu imprimante, na kisha hakuna kitu. Tena, ukiwasha mara inayofuata, jurnali mara nyingi inasema kwamba imekuta fishie yake haikufungwa vizuri. (Kuna mashini ambazo haziweki jurnali kwa disiki, inapotea kila mara. Kwa hizo, tengeneza folda /var/log/journal, washa tena, na ungoje kuzimika kunakofuata.)

Tulisoma mara kumi na moja za kuzimika. Na hapo tukaelewa kwa nini tulikuwa tunahangaika: hatukuwa na ugonjwa moja, tulikuwa na magonjwa mawili. Mara tatu mashini iliaga. Mara nane haikuaga.

Tuanze na zile tatu, juu zilikuwa rahisi. Mbele ya mistari ya kufunga kulikuwa maneno «critical temperature reached», ni kusema joto limefika mpaka wa hatari. Prosesere, ule moyo unaofanya hesabu, inapata joto kila inapofanya kazi. Kwa mashini nyingi za kubeba mpaka ni karibu degre 100. Ikikaribia, prosesere inapunguza mbio yake ili ipoe. Kama haitoshi, Linux inaamua kuzima kuliko kuacha kitu kiungue. Basi ile haikuwa ukorofi. Ilikuwa inajiokoa.

Kupima joto kuna programu ndogo, lm-sensors. Ukiisha kuiweka unaandika paka sensors. Yetu ikiwa imetulia ilionyesha degre 63. Tukifungua gazeti na picha zake na intaneti pamoja, 94, 97, na ventilatere inalia kama nyuki.

Tukaomba ruhusa kwa Bwana Prefe wa masomo kuifungua, na mwalimu wa fizika akasimama karibu. Tulizima, tukatoa sharjere, tukafungua kwa turnevisi ndogo, tukachomoa waya wa batri mbele ya kugusa kitu kingine. Vis tuliziweka juu ya karatasi tuliyochora umbo la mashini, kila moja mahali pake, kwa sababu si za urefu mmoja, na vis ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa. Kati ya ventilatere na vile vibati vyembamba ambavyo joto linatokea, tulikuta kitu kama kipande cha blanketi. Vumbi ya muhula wa kiangazi, chaki ya darasa, nywele. Hewa haikuwa na njia hata ya sindano.

Tulitoa kwa burashi laini. Hapa muwe na akili: usipulize ventilatere ikiwa inazunguka bure, shikilia mapanga yake na kidole, la sivyo itazunguka kupita kiasi na kuharibika. Maji hapana. Kitambaa cha kulowana hapana. Ile pati nyeupe iliyo kati ya prosesere na shaba ilikuwa imekauka kama udongo. Mwalimu aliifuta na alkoli na kuweka mpya, kidogo tu, kama punje ya mchele. Watu wanafikiri kuweka nyingi ni kusaidia. Si vile: kazi yake ni kujaza nafasi ndogo ambayo jicho halioni, ikizidi inazuia joto kupita.

Tulipofunga, kazi ile ile ilionyesha degre 72. Tangu siku ile yale maneno ya joto hayakurudi mu jurnali. Tulifurahi, tukatangaza kwamba mashini imepona. Siku ya pili yake ikazimika, bila kuaga.

Sasa zile nane. Kuzimika bila neno kunaweza kutoka mahali pengi, na hapa haraka inaharibu. Hata joto linaweza kuzima bila kuandika, kwa sababu prosesere iko na kinga yake ya ndani inayokata umeme yenyewe kama joto linapanda mbio sana kuliko Linux inavyoweza kufunga. Basi hatukuweza kusema tu «jurnali haisemi joto, kwa hiyo si joto». Tukaiachia mashini kazi ya kuandika joto lake kila sekunde 5:

while true; do date; cat /sys/class/thermal/thermal_zone2/temp; sync; sleep 5; done >> joto.txt

Kwa mashini yetu namba 2 njo prosesere. Kwa yenu angalieni fishie inayoitwa type mu kila folda, itasema ni kipimo cha nini. Hesabu inatoka kwa maelfu: 61000 ni degre 61. Neno sync linalazimisha kuandika kwa disiki mara moja, bila hilo mistari ya mwisho ingepotea pamoja na umeme. Tukangoja. Ilipozimika tena, mstari wa mwisho ulikuwa 61000. Degre 61 haizimi mashini.

Na kaye. Wazo hili lilikuwa la mwalimu wa fizika, na lilitusaidia kuliko programu zote. Tulichora kaye na safu: siku, saa, nani alikuwa anaandika, programu gani, batri kwa mia ngapi, sharjere imechomekwa ao hapana, na mahali meza ilipokuwa. Hii safu ya mwisho tuliiweka ili kujaza ukurasa tu, tunakiri. Kisha majuma mawili tulisoma safu kwa safu. Programu: kila namna. Saa: kila saa. Batri: mara 100 kwa mia, mara 84, mara 40. Mahali: kila mara, bila kukosa hata moja, meza ya nyuma ya mlango.

Nani anakaa kwa meza ya nyuma ya mlango? Wakubwa wanachukua meza ya dirisha, kuna mwangaza na hewa. Mdogo wa darasa la tatu anakaa pale panapobaki.

Sharjere ya meza ile inapita kwa ralonji iliyolala chini, na prizi yake imelegea. Mlango ukisukumwa kwa nguvu, ralonji inaguswa, na umeme unakatika kitambo kidogo, pengine chini ya sekunde. Taa ndogo ya sharjere inapepesa na kurudi. Lakini mtauliza: mashini ya kubeba iko na batri, umeme ukikatika si batri inashika? Inapaswa kushika. Ndiyo kazi yake. Basi tukapima batri:

upower -i $(upower -e | grep BAT)

Hapo kuna mistari miwili ya kulinganisha. Moja inaonyesha nguvu batri iliyokuwa nayo ikiwa mpya, energy-full-design: 48 Wh. Nyingine inaonyesha nguvu inayoweza kushika leo ikijaa, energy-full: 13 Wh. Ni 27 kwa mia tu ya ile ya kwanza. Na ile picha ya batri kwa skrini inaonyesha 100 kwa mia bila haya, sababu inahesabu 100 ya kile kilichobaki. Kikombe kikiwa kidogo bado kinaweza kujaa.

Lakini hata 13 Wh ingepaswa kushika sekunde moja, si kweli? Hapa ilitupasa kwenda kwa mwalimu mara ya pili. Batri yetu iko na seli tatu zinazofuatana, kila moja karibu volti 3,7, jumla kama volti 11. Ni kama watu watatu waliobeba gogo moja. Seli ikizeeka, inaonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, lakini ukiiomba nguvu nyingi kwa mara moja, volti yake inaanguka. Ndani ya batri kuna kinga inayoangalia kila seli. Moja ikianguka chini ya mpaka, kinga inakata zote tatu. Mmoja akidondosha, gogo lote liko chini. Na hiyo inapita mbio sana, Linux haina wakati wa kuandika hata herufi moja.

Tuliifanyia jaribio. Tulihifadhi kila kitu, tukaweka meza mu katikati ya chumba, mbali na mlango, batri 90 kwa mia, tukawasha programu nzito, na mwalimu akachomoa sharjere kwa mkono wake. Mashini ilikufa mbele ya kuhesabu mbili. Tukarudia, vile vile. Kisha tukairudisha kwa prizi ya ukuta pasipo ralonji, kazi ile ile, saa tano mfululizo: haikuzimika. Mtu akijaribu hii kwenu, abadilishe kitu kimoja kila mara. Ukibadilisha ralonji na batri na programu mu siku moja, mashini itapona na hutajua ni dawa gani iliyoponya.

Tuseme haraka juu ya washitakiwa wengine. Virusi: hatukupata alama yoyote, na virusi havifanyi prizi kulegea. Memwari mbovu: hiyo mara nyingi inagandisha mashini ao kuiwasha upya, kuliko kuikata kabisa, iko na programu yake, memtest86+, unaiacha usiku mzima. Sharjere dhaifu: soma karatasi iliyo chini yake, kama mashini inaomba wati 65 na umechomeka ya 45, inaweza kuleta shida wakati wa kazi nzito. Kama mnashuku Linux yenyewe, kuna njia nyepesi: acheni mashini kwa ukurasa wa BIOS, ule unaotokea mbele ya sistemu kuingia. Ikizimika hata pale, Linux haiko, imelala. Yetu ilizimika pale mara moja, mlango ulipopigwa na upepo.

Na kama batri imevimba, kama kifuniko cha chini kimeinuka ao klavie imepanda, musiendelee kuicharji, musiitoboe, musilale nayo mu dortuari. Inaweza kuwaka moto. Yetu haijavimba, tunaiangalia kila juma.

Sasa habari ya mwenzetu wa darasa la tatu. Tulikuwa tunasema jurnali inamtetea, kwa sababu mtu akibonyeza kifungo kama kawaida Linux inaandika «Power key pressed», na maneno yale hatukuyakuta. Mwalimu akatukataza kusema vile. Mtu akishikilia kifungo sekunde kadhaa anaweza kukata umeme kwa nguvu, na jurnali peke yake haitoshi kuapa. Kinachomtetea ni jaribio: mashini ilikufa akiwa yeye nje uwanjani na mkono wa mwalimu kwa sharjere, na haikufa alipokaa yeye mwenyewe saa mbili kwa prizi ya ukuta, tukimwangalia. Tulipeleka kaye zote mbili, ya mashini na ya nidhamu, kwa Bwana Prefe. Jina lake lilifutwa siku ya tatu ya juma lililopita, mbele ya darasa lake, na tulikuwa pale. Alituuliza swali moja tu: kwa nini hatukuandika mahali tangu mwanzo. Hatukuwa na jibu.

Batri mpya imeombwa, bado haijafika. Kwa sasa ralonji imetolewa. Seremala alisogeza meza mpaka kwa prizi ya ukuta, na mashini haipaswi kutoka pale. Mu LibreOffice tulikuta kuhifadhi kwenyewe kumewekwa kila minuti 10, tumeweka 2. Hiyo haizuii kuzimika, lakini sasa unapoteza mistari michache, si kurasa sita. Burashi inapita kila mwanzo wa muhula.

Kaye ya mashini imefungwa na kamba kwa mguu wa meza. Ikizimika mikononi mwako, usikimbie wala usiogope: jaza safu zote, na mahali pia. Wanaotaka kuona fishie ya joto na kujifunza kusoma jurnali waje sekretariati siku ya ine kisha masomo ya mchana, watu sita tu kwa mara moja. Mwenzetu wa darasa la tatu njo atakayeonyesha.

Kapita wa shule, mwaka wa sita,
kwa niaba ya makapita wote